Kiingereza cha Mwaka wa Kwanza

Kilio kwamba vijana wa chuo kikuu hawajui Kiingereza kina umri mkubwa kuliko wengi wanaokitoa. Nilikisikia nikiwa mwanafunzi, nikakisikia miaka yote niliyofundisha kozi ya stadi za mawasiliano, na sasa nimestaafu bado nakisikia kwenye daladala na kwenye misiba, mzee akisoma barua iliyoandikwa na mhitimu huku akitikisa kichwa. Lawama zote humwangukia kijana: hana ari, hasomi, kazi yake simu. Mimi nimekaa nao darasani, na nimeifuatilia kidogo historia ya Kiingereza pale Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako ndiko desturi yetu ya kufundisha lugha hii chuoni ilikoanzia. Naona ari ilikuwa inakuja na kuondoka kwa sababu ambazo kijana hakuzitengeneza.

Tuanzie mtaa wa Lumumba. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, chuo kilifunguliwa ndani ya jengo la chama cha TANU kikiwa kimeshikizwa kwa Chuo Kikuu cha London. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi hawakufika 15. Kozi ya Kiingereza haikuwapo na hakuna aliyeiona haja yake. Waliofika pale walikuwa wamepita kwenye chujio la ajabu, shule za sekondari zikiwa za kuhesabika na mitihani ikitoka Cambridge. Kiingereza walikuwa wameshakimeza, wengine kwa hiari na wengine kwa kuvishwa kibao shingoni kila walipokutwa wakisema lugha ya nyumbani.

Mwaka 1963 chuo kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na 1964 kikahamia Mlimani. Kuna jambo moja la miaka hiyo ambalo halipewi uzito wake. Mabwenini watu walilala mchanganyiko. Walikuwapo Waganda, Wakenya na Wamalawi, na si wote waliokuwa na Kiswahili cha kubishania siasa hadi usiku wa manane. Kiingereza kilikuwa na kazi hata baada ya mhadhara kwisha: ukitaka kumshinda Mganda kwa hoja, sharti akuelewe. Mmoja wa Waganda hao, Yoweri Museveni, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi cha mrengo wa kushoto, USARF, kilichoanzishwa 1967. Walikuwa na madarasa yao ya itikadi kila Jumapili, hayamo kwenye ratiba, hayana maksi wala cheti.

Marehemu mjomba wangu aliyahudhuria. Alitoka shule ya misheni na Kiingereza chake kilikuwa cha kanisani, kizuri kwa sala na kwa barua za heshima. Kilichomfundisha Kiingereza cha kusomea vitabu vigumu, alivyosimulia, ni aibu ya Jumapili. Alikuwa akishika kitabu cha Fanon Alhamisi usiku, kamusi pembeni, anarudia ukurasa mmoja mara tatu, kwa kuwa alijua siku ya Jumapili kuna mtu wa umri wake, wala si profesa, atakayemgeukia na kumwuliza, “Ndugu, wewe umeelewaje hapa?” Walter Rodney alikuwa akifundisha historia Mlimani miaka hiyo, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka 1972, kikichapwa London na hapa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House. Mjomba alikuwa na nakala yake hadi anakufa. Kingo za kurasa zimejaa maandishi ya penseli, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, mengi yakiwa ni ubishi na mwandishi.

Mwaka 1969 vijana wa USARF wakaanzisha jarida, Cheche. Jina la Kiswahili, ndani Kiingereza kitupu. Toleo moja la 1970 lilibebwa lote na makala ndefu ya Issa Shivji, kijana bado, kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania. Mwishoni mwa mwaka huo jarida likapigwa marufuku. Mwaka uliofuata rais wa wanafunzi, Mkenya aitwaye Akivaga, akamwandikia mkuu wa chuo barua ya wazi, na askari wa kutuliza ghasia wakaja kumchukua. Nayataja haya kwa sababu yanaonyesha uzito wa sentensi ya Kiingereza pale Mlimani wakati ule. Ukiiandika vizuri inasomwa na kila mtu, na inaweza kukufukuzisha chuo. Sijui kozi gani ya lugha ingeweza kutoa motisha kama hiyo, na sitaki kuipendekeza.

Kisha mambo kadhaa yakaja karibu kwa pamoja, yote ya haki na ya lazima, na yote yakaiondolea lugha hii kazi yake ya kila siku.

Tarehe 1 Julai 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa na Mlimani kukawa na chuo cha taifa. Wageni wakapungua. Bweni likajaa Wasukuma, Wachaga, Wahaya na Wamakonde ambao wote walikuwa na Kiswahili, na hakuna mwenye akili timamu atakayemwomba Mtanzania mwenzake chumvi kwa Kiingereza. Mwaka huohuo ilianzishwa Idara ya Kiswahili, ikafundisha kwa Kiswahili, ikatunga mitihani kwa Kiswahili, na ikaonyesha kwamba inawezekana. Nyuma ya hayo kulikuwa na uamuzi wa 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea, wa kufanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi. Na mbele yake lilikuwapo Azimio la Musoma la 1974, lililozuia mtu kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu. Ilibidi aende Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kisha kazini, apate na sifa za tabia, ndipo aombe nafasi.

Ukipiga hesabu utaona. Mtoto aliyeingia darasa la tano 1968 akakuta masomo yamegeuka Kiswahili, alimaliza la saba 1970 na kidato cha sita 1976. Akienda jeshini, akakaa miaka yake ofisini akijaza mafaili, anaingia Mlimani mwishoni mwa miaka ya 1970 au mwanzoni mwa 1980, mtu mzima, pengine ana mtoto, na Kiingereza alichokiacha kidato cha sita kimeota kutu. Kitengo cha Stadi za Mawasiliano kilianzishwa mwaka 1978, ndani ya idara ya lugha za kigeni na isimu. Kwangu mimi tarehe hizo mbili, ya wao kuingia na ya kitengo kuanzishwa, zinaongea.

Mwaka huo wa 1978, mwezi Machi, wanafunzi waliandamana kupinga marupurupu ya mawaziri na wabunge, na mamia wakarudishwa makwao. Kwa hiyo wale walioambiwa hawana lugha walikuwa na la kusema, na walilisema barabarani.

Kozi yenyewe ilikuwa na nia njema. Ilifundisha kuandika muhtasari wa mhadhara, kusoma kwa haraka, kutumia maktaba, kupanga insha, kutaja vyanzo. Kasoro yake ilikuwa ya kuzaliwa. Iliundwa kwa ajili ya walioonekana kupungukiwa, na mwanafunzi huyo alikuwa ametoka kuwa wa kwanza wilayani kwao. Unamwita mshindi, unamkalisha kwenye dawati, unamwambia ana upungufu. Nimeona nyuso hizo kila Oktoba. Wiki ya kwanza wanakuja wote, wamevaa vizuri. Wiki ya nne wamebaki wa mstari wa mbele.

Serikali nayo haikujua inataka nini. Tume ya Jackson Makweta, iliyotoa ripoti yake 1982, ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari mwaka 1985 kisha kipande hadi chuo kikuu. Mwaka 1983 serikali ikasema hapana. Mwaka 1984 wakaja wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, wakapima watu kuanzia shuleni hadi Mlimani. Kwa vipimo vyao, waliokuwa na uwezo wa kusoma kwa urahisi hata vile vitabu vyepesi vya masomo yao ya chuo kikuu hawakufika asilimia 20 ya wanafunzi waliopimwa pale. Mtu wa kawaida akisoma matokeo hayo atasema basi, lugha hii haifundishi. Wao wakashauri Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia na kiongezewe nguvu. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, alisema mwaka huo kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia. Mwaka 1987 ukaanza mradi mkubwa wa Waingereza wa kusaidia ufundishaji wa lugha yao sekondari, na kati ya vilivyokuja nao ni vitabu vya hadithi fupifupi. Hilo la hadithi nitalisifu bila kinyongo. Mtoto aliyesoma hadithi kumi kwa raha alikuja chuoni na kitu ambacho sisi walimu wa mwaka wa kwanza hatukuweza kumpa kwa mihula miwili.

Miaka hiyo nilikuwa mwanafunzi, katika chuo ambacho sitakitaja. Sabuni ilikuwa ya foleni, na karatasi nayo ilikuwa ya foleni. Kitabu kimoja cha kozi tulikigawana: kinatolewa kwa saa mbili, tunakaa watu saba, mmoja anasoma kwa sauti, wengine tunaandika. Mwalimu akitupa maandishi, yamepigwa saiklostaili, stensili imechoka, herufi za katikati zimefutika, na wino unabaki vidoleni hadi kesho yake. Tulikuwa tunayajaza yale mapengo kwa kubishana: hapa ni neno gani, haliwezi kuwa hilo, sentensi haikai. Nadhani ndipo nilipojifunza sarufi. Lakini ari ya kuongea hatukuwa nayo, na sababu ilikuwa wazi kwetu sote. Serikali ilikuwa inakupangia kazi. Ukimaliza unapelekwa wizarani, au Mbeya, au kiwandani, na huko bosi anakuita “ndugu” na kikao kinaendeshwa kwa Kiswahili.

Hilo lilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ajira ya moja kwa moja ikaisha, watu wakapunguzwa makazini, kampuni binafsi zikafunguka, na ghafla mhitimu anakaa mbele ya meza yenye watu watatu anaulizwa ajieleze kwa Kiingereza. Televisheni ilipoingia Bara 1994, na shule za msingi za Kiingereza zikianza kuchipua mitaani, lugha hii ikapata thamani sokoni. Mimi sasa nilikuwa mwalimu, na ndipo wanafunzi walipoanza kunifuata baada ya kipindi. “Mwalimu, nina usaili Ijumaa.” Kijana yuleyule aliyekuwa hajaonekana tangu wiki ya nne anaketi nami hadi giza linaingia, anarudia namna ya kueleza mradi wake wa mwaka wa mwisho, na hataki kuondoka.

Wakati huo nilikuwa na kundi la wanafunzi wa uhandisi. Kifaa chetu kilikuwa redio kaseti na kanda ya Mwingereza anayehadhiri kuhusu barafu inayosogea milimani. Wao wasikilize na waandike muhtasari. Walisikiliza kwa adabu. Siku moja, kabla sijabonyeza kitufe, kijana mmoja wa Mafinga akaniuliza kama anaweza kunionyesha kitu. Akatoa kwenye mfuko wa plastiki kitabu cha maelekezo cha injini ya Lister, jalada hakuna, kurasa zimeloa mafuta ya dizeli. Baba yake mdogo alikuwa amenunua mashine ya kusaga iliyotumika, nayo inatoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Fundi wa kijijini ameshasema nozo zimekufa, zinunuliwe mpya, na bei yake ni mbuzi wawili. Nyumbani wameandika: wewe si ndiye injinia wetu? Tuambie.

Nikaacha barafu. Tukaweka kitabu juu ya meza, wakasimama kukizunguka. Ukurasa uliotuhusu ulikuwa na jedwali la safu tatu, yaani dalili, sababu, la kufanya, na lugha yake ilikuwa kavu kama amri za jeshini. Kwenye mstari wa moshi mweusi sababu ziliorodheshwa kwa mpangilio, na nozo haikuwa ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa chujio la hewa kuziba. Mmoja akasema, “Mashine ya unga! Vumbi lote lile linaenda wapi?” Wakacheka. Kisha ukatokea ubishi wa kweli kuhusu sentensi moja iliyosema chujio lisiondolewe isipokuwa kwa sharti fulani. Je, sharti ni injini kuzimwa, au kuzimwa na kupoa? Walisoma sentensi ile mara nyingi kuliko walivyowahi kusoma kitu chochote nilichowapa. Waliniuliza kwa nini kitabu chote hakimtaji mtu, kila kitu kinafanywa tu, hakuna anayekifanya, na nikapata nafasi ya kuwafundisha kauli ya kutendwa kwa Kiingereza, somo ambalo kwenye mtaala lilikuwa limepangwa wiki mbili mbele na ambalo kwa kawaida huliua darasa. Mwisho tukaandika barua kwa baba mdogo, kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, kwa herufi kubwa. Majibu yalifika baada ya wiki kadhaa. Nozo zilikuwa nzima.

Baada ya hapo niliomba kila mmoja alete karatasi ya Kiingereza ambayo kwao imeshindikana. Zikaja. Maelekezo ya dawa ya mifugo, mkataba wa pamba, fomu ya mirathi, barua ya padri wa Kijerumani aliyekwisha kufariki, bima ya lori. Nyingine zilikuwa ngumu hata kwangu. Muhula ule mahudhurio hayakunitia wasiwasi.

Lakini madarasa yale yalikuwa ya watu ishirini. Miaka ya 2000 ilileta wingi, na wingi ulikuwa haki yao, nisieleweke vibaya. Bodi ya mikopo ilianza 2005. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007 kikikusudiwa kupokea wanafunzi 40,000. Kila mahali kozi ya stadi za mawasiliano, kwa kuwa ni ya lazima kwa wote, ndiyo iliyojaa kuliko zote. Niliwahi kufundisha matamshi kwa kipaza sauti kibovu, nusu ya ukumbi wamesimama madirishani. Hapo hakuna mtu anayeongea isipokuwa mwalimu. Kozi ikawa ya kupasi. Wanafunzi walitafuta madesa ya mwaka jana kwenye steshenari za nje ya geti, wakayakariri, wakajibu mtihani, wakakwepa sapu, na ukikutana na mmoja wao Januari hakumbuki hata jina la kozi. Siwalaumu. Mtihani uliwauliza maana ya mawasiliano na aina zake, nao wakazitaja kama zilivyo.

Na kilikuwapo kicheko. Mtu akichapia kwenye prezentesheni, ukumbi mzima unalipuka, naye hafungui mdomo tena hadi mahafali. Wanaocheka wenyewe hawajui zaidi yake; wanacheka kwa sababu wamepona wao. Kile kibao cha shingoni cha enzi za ukoloni kilikuwa kinamfunga aliyesema lugha yake, na hiki kicheko kinamfunga anayejaribu ya wengine, na vyote viwili vinaanzia sekondari. Kwenye makundi yangu madogo niliweka sheria moja: anayecheka anapanda mbele anamalizia. Ilifanya kazi kuliko hotuba zangu zote kuhusu kujiamini. Wasichana hasa, ambao wengi walikuwa wanaandika vizuri kuliko wavulana na kunyamaza kuliko wao, walianza kunyoosha mikono mwezi wa pili.

Siku hizi mambo yamegeuka tena. Sera ya elimu ya 2014, iliyozinduliwa 2015, ilikifungulia Kiswahili mlango wa kufundishia ngazi zote. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, na mwanafunzi wa sheria anayeambiwa asome kesi zote kwa Kiingereza anauliza, kwa haki kabisa, kwa nini. Hapohapo anajifunza Kiingereza cha kuombea ufadhili nje, cha kuuzia bidhaa kwenye simu, cha kubishana kuhusu mpira na Wanigeria asiowafahamu. Mpwa wangu, aliyepata alama ya C kwenye kozi niliyoifundisha miaka yote hiyo, anawaandikia Wanigeria hao aya ndefu zenye matusi ya kifasaha. Bweni la 1967 limerudi, ila liko mfukoni.

Walimu wenzangu wengi bado wanadai kozi iongezewe saa. Mimi nadai ihamishwe. Itolewe mwaka wa kwanza, ambapo kijana hana haja na Kiingereza, ipelekwe mwaka wa tatu, anapoandika utafiti wake, anapotafuta kazi, anapokuwa na kitu mkononi ambacho hakikamiliki bila lugha hiyo. Makundi yawe ya watu ishirini, na wale ambao tasnifu yao wanaiandika kwa Kiswahili waruhusiwe kuleta hiyohiyo na kujifunza kuieleza kwa mgeni. Hoja hii niliipeleka kikaoni mara mbili kabla sijastaafu. Mara ya kwanza niliambiwa mwaka wa tatu ratiba imejaa. Mara ya pili waliniuliza, kama kozi ikihama, zile kumbi kubwa za mwaka wa kwanza saa mbili asubuhi zitatumika kwa nini.